Siku tano hazitoshi: jibu kwa mwalimu wa Magu anayetaka kuvuka barafu ya Rwenzori

Swali:

"Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari moja wilayani Magu, nina miaka 38. Huwa nawapeleka wanafunzi Kageye, pale Stanley alipopiga kambi mwaka 1875. Sasa mimi na mdogo wangu wa kiume, anayefanya biashara ya dagaa mwaloni Kirumba, tumeweka akiba ili twende Rwenzori, Uganda, tufuate njia ya Stanley mpaka juu, tuvuke barafu na kufika kilele cha Margherita. Kampuni moja imetupa bei ya siku tano. Mdogo wangu anasema zinatosha, kwa kuwa tumekulia ziwani, tunaogelea tangu utoto na mapafu yetu ni makubwa. Ninachoogopa mimi ni nyufa za barafu, maana nimesoma kwamba watu hutumbukia na kupotea. Tena mwanangu wa kwanza ana selimundu, na hospitali waliniambia mimi nina 'nusu'. Je, hilo lina shida yoyote mlimani? Na kwa nini tusiende tu Kilimanjaro, ambako ni kwetu? Naomba ukweli, kwani fedha yenyewe ni ya kuungaunga."

Jibu:

Mwalimu, asante kwa kueleza kwa kirefu. Umeuliza habari za nyufa kwa hofu kubwa, halafu zile siku tano umezitaja kwa kupita tu, kama vile ni suala la bei. Mimi nayapanga kinyume chake. Nimefanya kazi ya kuongoza watu milimani muda mrefu, na nyufa ni hatari inayodhibitika: kuna kamba, kuna mafunzo, kuna mtu anayeijua njia. Ratiba ya haraka haidhibitiwi na kifaa chochote. Na hilo la "nusu", uliloliweka karibu na mwisho, ndilo ninalokuomba ulishughulikie kabla hujalipa hata shilingi moja.

Nianze na Henry Morton Stanley, yule mvumbuzi, kwa kuwa ndiye aliyekuvuta. Alifika Kageye mwishoni mwa Februari 1875, mwezi Machi akaishusha majini mashua yake, Lady Alice, akalizunguka ziwa lote na kurudi mwezi Mei. Mwanzoni mwa 1876 alifika jirani na Rwenzori akitokea Buganda, akageuka bila kupanda. Theluji ya milima ile alikuja kuiona mwaka 1888, akiwa ametokea upande wa Kongo katika msafara wa kumfuata Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta kusini mwa Sudan. Juni 1889 ofisa wake, Luteni William Stairs, alijaribu kupanda, akafika kama mita 3,250 na kurudi. Stanley mwenyewe hakuikanyaga barafu hiyo. Alishuka kuelekea pwani, na Agosti mwaka huo huo akapita tena kusini mwa ziwa letu, Usambiro, kwenye misheni ya Alexander Mackay. Kwa hiyo ukimfuata Stanley hatua kwa hatua, utaishia chini ya mlima.

Nyayo za kwanza kileleni Margherita ni za Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Italia aliyekuwa na cheo cha Duke wa Abruzzi. Msafara wake ulipanda treni kutoka Mombasa hadi Kisumu, mji ulioitwa Port Florence wakati huo, ukavuka Ziwa Viktoria kwa meli hadi Entebbe, na kutoka hapo ukatembea kwa miguu mpaka milimani. Tarehe 18 Juni 1906 alifika Margherita, mita 5,109. Wanafunzi wako watapenda kujua kwamba ndiye aliyeigawia milima ile majina ya wavumbuzi: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi. Speke, aliyeliona ziwa hapa upande wa Mwanza mwanzoni mwa Agosti 1858, ndiye mwenye jina la mlima wa pili kwa urefu katika safu hiyo.

Sasa angalia ni nani waliokuwa mbele ya mwanamfalme huyo kwenye kamba. Walikuwa Joseph Petigax, César Ollier na Joseph Brocherel, watu ambao kazi yao ilikuwa kuongoza wapanda milima, kutoka Courmayeur, kijiji cha Italia chini ya milima ya Alps. Ollier na Brocherel ndio hao hao waliofika kilele cha Batian, Mlima Kenya, pamoja na Halford Mackinder mwezi Septemba 1899. Na mizigo mpaka kambi ya juu ya Bujongolo, chini ya mwamba, ilibebwa na Wakonzo wenyeji wa milima ile, ambao watoto na wajukuu wao ndio wanaoongoza wageni leo. Nakwambia haya kwa sababu kuna watu, pengine na mdogo wako ni mmoja wao, wanaodhani kwamba kufuata nyayo za wavumbuzi ni kwenda bila kuongozwa. Wavumbuzi hao waliongozwa hatua zote za barafu, na mtu mwenye akili ya mlima haoni aibu kuongozwa.

Jambo jingine la kihistoria lina maana kubwa kwa usalama wako. Mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 6. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki takribani kilomita moja ya mraba, na imeendelea kupungua. Picha za Vittorio Sella, mpiga picha wa msafara ule, zinaonyesha barafu mahali ambapo leo pana mawe matupu. Zamani barafu ilikuwa mfululizo. Siku hizi unavuka uwanda wa barafu wa Stanley, unashuka kwenye mawe yaliyolowa, kisha unaanza tena kupanda barafu ya Margherita. Maelezo ya zamani, hata ya miaka ishirini iliyopita, hayafai kukuongoza. Unayemhitaji ni mtu aliyepita pale msimu huu.

Hapo ndipo niingie kwenye nyufa. Mto wa barafu huzaliwa na theluji inayoanguka mwaka baada ya mwaka bila kuyeyuka yote. Ya chini hugandamizwa na ya juu mpaka inakuwa barafu ngumu, na uzito wake wenyewe huisukuma kuelekea bondeni, kama uji mzito kwenye sinia lililoinama. Inapopita juu ya mwamba uliopinda, sehemu ya juu hushindwa kupinda nayo, ikapasuka. Theluji mpya ikifunika ufa huo unapata daraja jembamba usiloweza kulitambua kwa macho. Hizo ndizo nyufa ulizosoma habari zake, na kwenye mito mikubwa ya barafu ya Alps, Himalaya au Alaska ni hatari ya kweli kabisa.

Barafu yetu ya ikweta kwa sasa ni ndogo na nyembamba, haisogei sana, na mara nyingi iko wazi bila theluji nene juu yake. Nyufa zipo, na nyingi unaziona. Mimi nazihofia zaidi sehemu tatu nyingine. Kuna kingo, mahali barafu inapoachana na mwamba na kuacha pengo ambalo linaweza kuwa refu kuliko mtu. Kuna mawe yaliyokuwa yameshikwa na barafu na sasa hayashikwi na kitu. Jua likipanda yanaanguka, ndiyo maana kofia ngumu si pambo. Na kuna mteremko wa barafu tupu, ngumu kama kioo, ambapo mtu akiteleza hasimami.

Dhidi ya hayo utafungwa mkanda wa kiunoni na mapajani, utavaa kramponi, yaani vyuma vyenye meno vinavyofungwa chini ya buti, utashika shoka la barafu, na mtaunganishwa kwa kamba. Sikiliza vizuri habari ya kamba. Kamba peke yake haiokoi. Watu watatu waliofungwa pamoja bila kujua la kufanya, mmoja akiteleza anaweza kuwavuta wenzake wote. Inaokoa pale kila mmoja anapoacha nafasi, anapohakikisha kamba haijalegea ikaburuzika chini, na anapojua kujitupa kifudifudi juu ya shoka lake ili meno yashike. Ujuzi huo hauhitaji safari ya Alps, bali saa chache za mazoezi na mtu anayejua kufundisha, kabla ya siku ya kilele, mkiwa na mwanga wa mchana. Kampuni isiyokuwa na muda huo kwenye ratiba yake, iache. Ikikwambia "mtafundishwa hapo hapo", maana yake ni saa tisa usiku, kwenye giza na baridi, huku kichwa kinakugonga.

Sasa nije kwa mdogo wako, na nasema naye kwa upendo. Kaka, hewa ya Margherita ina oksijeni asilimia 21, sawasawa na hewa ya mwaloni Kirumba. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Kule juu unabaki zaidi kidogo ya nusu ya ule wa pwani, na mgandamizo huo ndio unaoisukuma oksijeni kuingia kwenye damu. Mapafu ya mwogeleaji hayaongezi mgandamizo. Mwanza iko kama mita 1,140 juu ya bahari, kimo kisichotosha kuuzoesha mwili. Wala nguvu za mwili hazikukingi na ugonjwa wa mwinuko, unaoletwa na upungufu huo. Vijana wenye nguvu huugua kama wengine, tena huwa wanaugua kwa kuwa wanakwenda mbio na wanaona haya kusema kichwa kinauma.

Mwili una dawa yake mwenyewe, ila dawa hiyo inataka siku. Ukipanda unaanza kupumua haraka. Kupumua huko kunatoa hewa ya kaboni nyingi, asidi ya damu inapungua, na ubongo unapunguza kasi ya kupumua hata kama oksijeni bado haitoshi. Figo ndizo zinazorekebisha mambo polepole kupitia mkojo, na zinachukua siku kadhaa. Kutokana na hilo ipo kanuni inayofuatwa duniani kote: ukishavuka mita 3,000, kila usiku usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne lala usiku wa ziada mahali pale pale.

Weka kanuni hiyo kando ya njia ya kati ya Rwenzori uone. Unaanzia Nyakalengija, kama mita 1,600. Usiku wa kwanza Nyabitaba, mita 2,650. Wa pili John Matte, mita 3,400. Wa tatu Bujuku, mita 3,960. Wa nne Elena, mita 4,540. Siku ya tano unatoka usiku kwenda kilele, mita 5,109, kisha unashuka kulala Kitandara au Bujuku, na siku mbili zinazofuata ni za kutoka. Hizo ni siku saba, na hata hizo zimevuka kanuni karibu kila usiku kuanzia wa pili. Ukizifanya tano, lazima uruke kambi wakati wa kupanda, au utoke kileleni ukishuka usiku na mchana, au vyote viwili. Hakuna namna nyingine ya hesabu hiyo.

Ningekuwa nawapangia mimi, ningeongeza usiku mmoja John Matte na mmoja Bujuku, zikawa siku tisa. Njia ya kusini, inayoanzia Kilembe, ni ndefu zaidi na sina ubaya nayo, mradi hesabu ya kambi zake mnaipitia kwa kanuni hiyo hiyo.

Kuna sababu nyingine ya kuongeza siku, na wengi hawaifikirii mpaka wamekwama. Tiba ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka, lakini Rwenzori haikuruhusu kushuka kirahisi. Mtu akizidiwa Kitandara, njia ya kuendelea kutoka inampandisha kwanza kwenye kipito cha Freshfield, mita 4,282, kabla ya kuteremka. Njia imejaa matope yanayofika magotini, ndiyo maana watu wanatembea na buti za mpira siku nzima, na mgonjwa hubebwa na binadamu wenzake kwa machela, saa nyingi. Kilimanjaro njia kubwa zinakwenda chini moja kwa moja, na mgonjwa anaweza kufika getini siku ile ile. Rwenzori usiitegemee hiyo.

Dalili mnazopaswa kuzijua wote wawili ni hizi. Kichwa kuuma pamoja na kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida au kizunguzungu ni onyo: msipande siku hiyo. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, akashindwa kutembea mstari mmoja kisigino kikigusa kidole, au akaongea mambo yasiyoeleweka, ubongo wake umeanza kuvimba. Akihema sana hata akiwa amekaa, akakohoa, akatoa makohozi yenye povu, mapafu yanajaa maji. Hayo mawili ni ya kushuka saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na mvua inanyesha, huku akipewa oksijeni kama ipo. Dawa ya acetazolamide husaidia mwili kuzoea; kipimo cha kawaida cha kinga ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Ni dawa ya daktari, hasa kwako wewe, na haigeuzi siku tano kuwa tisa.

Sasa hilo la "nusu". Mtu mwenye kinasaba kimoja cha selimundu huishi maisha ya kawaida kabisa, na watu wengi wa aina hiyo wamepanda milima mirefu wakarudi salama. Hata hivyo iko hatari moja ndogo iliyothibitika: oksijeni ikipungua sana, hasa mtu akiwa amekaukiwa maji na amejichosha kupita kiasi, seli nyekundu zinaweza kujikunja ndani ya bandama na kuziba mishipa yake, sehemu ya bandama ikafa. Dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, wakati mwingine yakipanda mpaka begani, mara nyingi siku ya kwanza au ya pili mtu anapofika juu. Wengi huyachukulia kuwa ni gesi au kichomi cha kutembea. Wewe usiyachukulie hivyo. Ukiyasikia, mwambie mwongozaji, kunywa maji, upewe oksijeni, mshuke, na uende hospitali ukapigwe picha ya tumbo.

Kwanza kabisa uwe na uhakika na hiyo "nusu". Watu wengi huambiwa hivyo kwa sababu tu wamezaa mtoto mwenye selimundu, bila wao wenyewe kupimwa ipasavyo. Omba kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini. Hospitali ya Bugando ndipo pa kuanzia kwa mtu wa Mwanza. Ikithibitika ni kinasaba kimoja na bandama yako ni ya kawaida, mimi sikukatazi, ila nitakutaka uende polepole kuliko wenzako, unywe maji kwa wingi na mwongozaji ajue hali yako tangu siku ya kwanza. Ikionekana kuwa ni ugonjwa wenyewe, hata wa aina nyepesi, barafu uiache.

Na mdogo wako apime pia. Kama mmezaliwa baba mmoja mama mmoja, nafasi ya yeye kuwa na kinasaba hicho ni nusu kwa nusu au zaidi. Kanda ya Ziwa ina watu wengi wenye nacho, kwa sababu kinamlinda mtoto dhidi ya malaria kali, na malaria tumeishi nayo vizazi kwa vizazi. Namwongezea yeye jambo la pili: kichocho. Mtu aliyeogelea na kufanya kazi ziwani tangu utoto anaweza kuwa na kichocho cha tumbo miaka mingi bila kujua, na kikikaa hudhuru ini, huvimbisha bandama, na kwa watu wachache hupandisha shinikizo la damu kwenye mishipa ya mapafu. Mtu wa namna hiyo akipandishwa mita 5,000 yuko hatarini zaidi kujaa maji mapafuni. Kipimo cha choo, dawa ya prazikwanteli ikihitajika, na picha ya tumbo kuangalia ini na bandama; kama ana historia ya kutapika damu au tumbo kujaa maji, asifikirie safari hii kabisa. Wote wawili mpimwe wingi wa damu, maana mwenye upungufu wa damu anaanza mlima akiwa tayari ana deni la oksijeni.

Malaria nayo tusiisahau. Ugonjwa wa mwinuko hauleti homa kali ya kutetemeka. Mtu akichemka mwili siku ya tatu, huenda aliondoka na vimelea Mwanza. Bebeni vipimo vya haraka na dawa mseto.

Umeuliza kwa nini msiende Kilimanjaro. Ni swali zuri, na jibu lake linategemea mnataka nini. Kama mnataka kimo, Uhuru ni mita 5,895, juu zaidi ya Margherita, na njia za kawaida hazihitaji kamba wala kramponi. Lakini barafu ya Kilimanjaro siku hizi ni ya kutazama. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kilele tarehe 6 Oktoba 1889, walilazimika kuchonga ngazi kwenye barafu kwa shoka. Mwini Amani wa Pangani alibaki akiwalindia kambi yao ya juu. Leo unatembea juu ya kokoto na majivu ya volkano, huku kuta za barafu ziko pembeni. Mwaka 1912 barafu ya mlima ule ilikaribia kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 haikufika 2. Kule hewa ni kavu sana, na sehemu ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja juani bila hata kuwa maji. Mlima Kenya nao barafu yake ya Lewis imebaki mabaki. Kwa anayetaka kuvuka barafu kwa kuongozwa katika Afrika Mashariki, Rwenzori ndiyo iliyobaki, na katika hilo ndoto yenu iko mahali sahihi.

Najua pia mtaambiwa mharakishe kwa sababu barafu inakwisha. Ni kweli inakwisha. UNESCO ilitoa taarifa mwaka 2022 kwamba barafu ya maeneo ya urithi wa dunia barani Afrika inatazamiwa kutoweka kufikia 2050. Inaniuma kuandika hivyo. Lakini mwaka mmoja wa kujiandaa hautawanyima barafu hiyo, na anayetumia habari hiyo kuwauzia siku tano hawatakii mema.

Ningefanya hivi, ningekuwa ninyi. Mwaka huu vipimo, na Mlima Meru. Uko nchini, una urefu wa zaidi ya mita 4,500, unapandwa kwa siku nne, na utawaonyesha jinsi miili yenu inavyopokea mwinuko mkiwa karibu na hospitali za Arusha. Kupanda vizuri mara moja si hakikisho la mara ya pili, lakini kunawafundisha mengi. Huku nyumbani mpande ngazi za mawe za Isamilo au Mabatini mkiwa na mzigo mgongoni, na siku nyingine mzipande na buti za mpira, maana zinachubua tofauti kabisa na raba. Kisha mwaka ujao Rwenzori, siku tisa, ama Juni na Julai ama kuanzia Desemba, miezi ambayo mvua hupungua kule na ambayo kwako wewe ni likizo za shule. Siku hizi mnavuka Kigongo kwenda Busisi kwa daraja, mnashika Bukoba, Mutukula, Masaka na Mbarara mpaka Kasese. Mbebe pasi za kusafiria na kadi za chanjo ya homa ya manjano.

Ile kampuni, kabla ya kuikataa, iulizeni kwa maandishi. Kwenye barafu kila mwongozaji mmoja ana wageni wangapi? Mimi sikubali zaidi ya watatu kwenye kamba moja. Oksijeni inabebwa mpaka Elena, au inabaki getini? Wana kipimo cha oksijeni cha kidoleni? Mwongozaji alivuka barafu ile mara ya mwisho lini? Saa ngapi mnageuka hata kama kilele hakijafikiwa? Bima yao, au yenu, inahusu kupanda juu ya mita 5,000? Wakijibu yote vizuri, waambieni wawatolee bei ya siku tisa. Itapanda, na mwalimu najua fedha ni ya kuungaunga. Ndiyo maana nasema msubiri mwaka, akiba ikue.

Kama vipimo vitasema hapana, ipo njia ya Mahoma ndani ya hifadhi ile ile, ya siku tatu hivi, inayofika takribani mita 3,000 tu. Unapita kwenye misitu ya Wakonzo na ziwa la juu, na asubuhi isiyo na mawingu unaiona barafu kwa mbali. Bado ni mwinuko, kwa hiyo hata hiyo muulize daktari kwanza.

Maamuzi ya mwisho kuhusu damu yako, bandama na acetazolamide yafanywe na daktari aliyekushika na kukupima. Mpelekee jibu hili kama litamsaidia, umweleze urefu wa kila kambi. Na kuna jambo moja mlimalize ninyi wawili nyumbani, kabla ya Kasese: mmoja akiugua, nani anashuka naye. Mwongozaji mmoja atashuka na mgonjwa, mwingine anaweza kuendelea na mzima, lakini ndugu wakiwa juu kwa mara ya kwanza huanza kubishana, kila mmoja akimhurumia mwenzake asikose kilele, na mgonjwa hupoteza saa ambazo hana. Andikeni mlichokubaliana, mpeni mwongozaji nakala.